Bawa Bila Mafundo

Akina mama wenzangu wa Cibitoke, wa Buyenzi na wa kokote mnakosoma Kiswahili, nawaandikia nikiwa na hasira na sitaificha. Redio moja ya hapa mjini imetangaza kwamba Jumamosi ile kule Ruziba "mwanamke mmoja mwenye matatizo ya akili" alipasua bawa la ndege ya kumbukumbu mbele ya wageni. Mwanamke huyo ni mimi. Akili yangu ni nzima. Na sikupasua kitu, nilikata uzi. Nimesoma mpaka darasa la sita tu, kwa hiyo mtanisamehe pale maandishi yatakapoyumba, lakini yaliyotokea nayajua kuliko redio, na kila mwenye binti ayasome mpaka mwisho.

Mimi ni fundi wa nguo. Nina cherehani mbili hapa Cibitoke, kwenye baraza ya nyumba yangu, ninayogawana na Geneviève, mama wa Uvira anayeuza vitenge. Mume wangu alifariki binti yetu Yasmina akiwa na miaka minne. Sasa Yasmina ana kumi na tisa, amemaliza sekondari, Kifaransa anakizungumza kama maji. Ni mmoja tu, akina mama. Sina wa akiba.

Mambo yalianzia kwenye picha ya babu. Babu mzaa mama, Tajudini, alikuwa fundi enzi mji huu ukiitwa Usumbura. Ndege za mwanzo alizozijua yeye hazikutua kwenye uwanja, zilitua juu ya ziwa, zikaelea kwa maboya mawili yaliyofungwa chini kama viatu. Na mabawa yake hayakuwa bati. Yalikuwa mbao nyembamba zilizopangwa kama mbavu, zikavikwa kitambaa cha pamba juu na chini, kikapakwa verni, maji mazito ya gundi, mpaka kikakaza kama ngozi ya ngoma. Kitambaa hicho kilichanika kila mara, kwa matete, kwa mvua ya mawe, na siku moja kwa kiboko aliyekuja kujikuna. Wazungu walikuwa na makanika wa moteri, yaani injini. Wa kitambaa hawakuwa naye. Wakamwita babu.

Babu alimfundisha mama, na mama akanifundisha mimi nikiwa na miaka kumi, juu ya mto wa kulalia. Sindano ndefu kama ya godoro inaingia juu, inatokea chini, inauzunguka ubavu, inarudi juu. Hapo unafunga fundo, unalikaza, ndipo unasogea mbele upana wa vidole vinne. Kila kituo na fundo lake. Sababu yake ni kwamba ndege ikikimbia, upepo unakinyonya kitambaa kukiinua. Uzi ukikatika mahali, kuna fundo nyuma yake na fundo mbele yake, basi panalegea upana wa vidole vinne tu na rubani anarudi kwao. Pasipokuwa na mafundo, uzi ukianza kutoka hausimami. Mama alikuwa akinipiga kidole kila niliporuka fundo. Nalia, namwambia, "Mama, lakini mto hauruki!" Anajibu, "Funga."

Sasa, mwezi wa tatu mwaka huu akaja barazani kwangu Bwana Loïc. Ni injinia, mzaliwa wa hapahapa, amesomea Ulaya, suruali yake imepigwa pasi mpaka inakata. Alisema ana kamati yake, wanataka kusherehekea ndege za zamani za ziwani, na wanaunda moja ya kufanana nazo kwenye ghala la Zone Industrielle, mtaa wa viwanda. Kuna mtu alimwambia kwamba ninayo picha. Nikampa chai, nikamtolea picha: babu amesimama ndani ya maji mpaka magotini kando ya bawa, kofia kichwani, ndevu kifuani, sindano mkononi.

"Maman, hii ni trésor, hazina kabisa," akasema, akaipiga picha ile picha mara saba. "Tunataka mabawa yetu yashonwe na mukono, vilevile kama zamani."

"Basi umefika," nikamwambia. "Mkono wenyewe huu hapa." Nikamweleza habari ya mafundo, yote, kama nilivyowaeleza nyinyi.

Akanitazama, akaitazama picha, akatabasamu. "Tutaona, maman. Tunatafuta mutu mwenye anafanana na ile picha."

Mmesikia? Wiki mbili baadaye nikaambiwa amempata Mzee Huseni wa Buyenzi. Mzee Huseni ana ndevu nyeupe mpaka kifuani na kofia ya kazi ya mkono. Loïc alitafuta ndevu, hakutafuta mkono.

Simsemi vibaya Mzee Huseni. Ni mtu wa watu, na sindano yake ina mbio. Siku hizi Buyenzi mafundi wote wamekaa kwenye cherehani. Anayeshona kwa mkono kutwa nzima amebaki yeye peke yake, kwa sababu yeye anashona sanda. Ukifiwa, unamwita yeye. Mume wangu alishonewa na yeye, na mama yangu pia.

Halafu Loïc akarudi, safari hii hakuniuliza mimi kitu. Alimgeukia Yasmina.

"Kitukuu cha Tajudini atakaa nyuma ya rubani," akasema. "Unaona vile picha yako itatoka kwenye televisheni, Yasmina? Damu yake, ndege yake, ziwa lake."

Yasmina aliruka mpaka akaangusha pini zangu zote. "Mama, ni mi! Juu ya ziwa!"

"Itaruka kweli?" nikauliza. "Mi nilidhani ni ya kutazamwa."

"Kidogo tu, maman. Tour moja, kuzunguka tu. Dakika tano."

"Imeshajaribiwa?"

"Moteri imejaribiwa."

Nimemuuliza ndege, ananijibu moteri. Alipoondoka, Geneviève akatoa kichwa nyuma ya vitenge vyake. "Dakika tano juu ya maji yenye mamba, maman Yasmina! Miye hata mutumbwi banilipe, sipandi. Nilivuka muto Rusizi mara moja nikikimbia vita, imetosha mupaka kiyama."

Tukacheka. Mimi nilicheka kwa mdomo tu.

Jumatano, siku tatu kabla ya sherehe, nikampelekea Mzee Huseni ugali na ndagala kule ghalani. Nilijiambia naenda kwa heshima ya mzee. Uongo, nilienda kupeleleza. Ghala lenyewe liko karibu na bandari, joto la kuoka mkate. Ndege ilikuwa katikati, imepakwa rangi ya fedha, na nisiwe mnafiki, ilikuwa nzuri. Ukutani walikuwa wamepanga bidoni za esansi, petroli tupu, zimejaa mpaka mdomoni. Na sisi mjini tunalala kwenye foleni ya esansi siku mbili! Jirani yangu alijifungulia kando ya barabara mwezi uliopita kwa kukosa gari. Nikameza mate, nikapita.

Mzee Huseni alikaa kwenye mkeka akala. Mimi nikapitisha kiganja chini ya bawa, polepole, kama unavyopapasa nguo gizani kutafuta kitufe. Nikapapasa ubavu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Vidole vyangu havikukuta kitu. Uzi ulikuwa umelala laini, mishono mirefu ya kupitisha tu, mmoja kama mwingine.

"Mzee," nikamwambia, "mafundo yako wapi?"

"Mafundo gani, mwanangu?"

"Ya bawa. Kila kituo kina fundo lake."

Akaacha kutafuna. "Mi sifungi fundo. Huu mwaka wa arobaini sijafunga. Maiti hafungwi kwa uzi, hata vile vitambaa tunavyomfungia vinafunguliwa kaburini, si unajua? Mukono umezoea. Nilimuuliza yule injinia, hapa munataka mushono gani? Akasema, 'Mzee, shona vile unashonaga siku zote.'"

"Na uzi?"

"Uzi mmoja, mwanzo wa ubavu mpaka mwisho wake. Bandi tu." Akaniangalia usoni. "Kwani iko vibaya?"

Mwanangu alikuwa anapandishwa juu ya ziwa ndani ya sanda.

Nikamwendea Loïc, alikuwa na makanika wake wanne wanang'arisha pangaboi. Nilisema kwa adabu, Mungu shahidi.

"Bwana Loïc, lile bawa halina fundo hata moja."

"Ndiyo, maman. Si unaona iko safi? Kwenye picha itatoka vizuri sana."

"Halitakiwi kuwa safi. Likipata upepo litafunguka."

"Kitambaa kimeshikwa na verni. Uzi ni pambo."

"Babu yangu alisimama ndani ya maji yenye mamba kufunga mapambo?"

Makanika mmoja akacheka. Loïc akaweka mikono kiunoni. "Mulisoma mpaka ya ngapi, maman?"

"Ya sita."

"Ya sita." Akawageukia wenzake. "Mi nimekaa miaka mitano nikisomea hizi mambo Ulaya."

"Miaka mitano, na hawakukuonyesha fundo?"

Wale makanika wakacheka tena, safari hii hawakunicheka mimi. Hapo ndipo nilipokosea, akina mama. Mwanamume akichekwa mbele ya watu wake, masikio yanazibwa. Uso ukamwiva. Akaniambia Yasmina ni mtu mzima, ameamua mwenyewe. Akaniambia niheshimu kazi ya mzee, ati ninamvunjia heshima Mzee Huseni. Nikamwambia nipe siku mbili, mimi na sindano yangu, nitafunga mafundo yote na silipwi chochote. Akaniambia programu imeshatoka. Ndiyo neno lake hilo, programu imeshatoka. Kama vile upepo nao umeisoma programu.

Nikatoka hapo nikaenda mpaka ofisi ya kamati yao. Wakaniweka kwenye benchi mpaka saa kumi, halafu dada mmoja akatoka akaniambia niandike barua, kwa Kifaransa, nieleze hoja zangu.

Nyumbani Yasmina alikuwa ameshaambiwa. Nilimkuta amesimama mlangoni.

"Umeenda kunifedhehesha pale, mama."

"Nimeenda kupapasa bawa."

"We kila kitu ni kifo! Nikienda kuogelea, kifo. Nikipanda pikipiki, kifo. Nikikohoa, unaita shangazi. Hii ndege ya babu yako mwenyewe, nayo kifo?"

Na anayosema ni kweli. Ndio ubaya wa kuwa mama mwenye hofu: siku unayokuwa na haki, sauti yako inasikika vilevile kama siku nyingine zote.

Nikachukua kipande cha bafta, nikashona mistari miwili, mmoja wa mafundo na mmoja wa bandi, nikamwekea mbele. "Vuta uzi, mwanangu. Vuta huu, halafu vuta huu. Basi, sitasema tena."

Hakuugusa. "Mi nimechoka, mama," akasema, akaingia chumbani.

Jumamosi asubuhi gari lao lilikuja kumchukua. Mimi na Geneviève tukashika njia ya Ruziba, nusu kwa taksi-velo, baiskeli ya abiria, nusu kwa miguu. Ufukweni walikuwa wamesimamisha mahema, viti vyeupe, kamera tatu. Mzee Huseni walikuwa wamemkalisha mstari wa mbele ndani ya kanzu mpya. Aliponiona akainamisha macho.

Ndege ilikuwa imefungwa kwa kamba pale maji yanapoanza, pua yake imeelekea ziwani. Yasmina alikuwa ameshakaa nyuma, kofia ya ngozi kichwani, skafu shingoni. Alikuwa mzuri, nisiseme uongo. Rubani, mzungu mmoja mzee anayeitwa Pierre, aliyefika mjini siku moja tu kabla, alikuwa ameinamia moteri anasikiliza. Wote walikuwa wanasikiliza moteri. Bawa hakuna aliyelisikiliza.

Askari wa mlangoni akanizuia. "Mualiko, mama."

Geneviève akanipita na furushi lake kichwani. "Mualiko gani? Sisi njo tunaleta vitambaa vya mapambo! Bakubwa bakae juu ya plastiki tupu? Shika hapa, papa, usiangushe, hii ni kitenge cha wax ya kweli!" Akamtwika askari furushi lote mikononi. Nami nikapita.

Nikaingia majini mpaka magotini. Yasmina akaniona.

"Mama, apana. Mama, nakuomba."

"Shuka."

"Sishuki."

"Basi tazama."

Nikatoa mkasi kwenye mkoba. Nilikata uzi mmoja, kwenye ncha ya ubavu wa pili, karibu na mahali alipokaa. Kitambaa sikukigusa, na kamera zote tatu zinalijua hilo. Nikaushika uzi kwa vidole viwili nikavuta. Mnajua mfuko wa unga, ukipata uzi wenyewe wa kuvuta, jinsi mdomo mzima unavyofunguka kwa mara moja? Ulitoka hivyohivyo. Ukaja, ukaja, nikawa narudi kinyumenyume ndani ya maji na uzi mkononi, mpaka ncha yake ikachomoka. Nikakata wa tatu. Nao ukaja. Nikakata wa nne.

Upepo wa ziwa ukaja, upepo mdogo, wa kukausha nguo tu. Ukaingia chini ya kitambaa, kikavimba kama shavu. Kikapiga mara mbili, pa, pa. Halafu ile verni ambayo ndiyo iliyoshika kila kitu, kwa maneno ya injinia, ikaachia, na kitambaa kikabanduka mbavuni toka ubavu wa pili mpaka wa nne, kikasimama juu kikipepea. Hakuna mkono uliokigusa. Na ndege ilikuwa bado imefungwa kwa kamba.

Yasmina alikuwa anatazama zile mbao tupu, ziko usawa wa bega lake.

Pierre akaja na maji mpaka kiunoni. Akaingiza mkono kati ya kitambaa na ubavu, ukaingia mpaka kwenye kiwiko. Akamtazama Loïc. Akasema maneno machache kwa sauti ndogo, akavua kofia yake. Halafu akamnyoshea binti yangu mkono, "Descendez, mademoiselle." Hilo hata mimi nililielewa: ashuke.

Yasmina akashuka. Mimi hakunitazama.

"Sabotage!" Loïc alikuwa anapiga kelele. "Ameharibu makusudi! Mumukamate! Muliona wote!"

Askari wakanishika, wakanipeleka ofisini kwao, Geneviève akanifuata akilia na kutukana kwa lugha tatu. Tulikaa hapo mpaka alasiri. Mkubwa wao alijaribu kuandika kosa langu mara nne, akafuta mara nne. "Mama, mi nitaandika nini? Kwamba umevuta uzi?" Akatuambia twende nyumbani.

Siku ya tatu akaja Mzee Huseni. Hakukaa. "Umenivua nguo mbele za watu, mwanangu."

"Nisamehe, mzee."

"Ungenambia nifungue mwenyewe, ningefungua." Akaitengeneza kofia yake. "Ile Jumatano, ulipoondoka, nilimwendea yule injinia. Nikamwambia, mi nimeshona ya maiti, niruhusu nifunge mafundo, yule mama anifundishe. Akanambia niende nyumbani, kazi yangu imekwisha, siku ya sherehe nije na kanzu."

Kumwaibisha mzee yule ni kosa langu, nalibeba. Lakini mmesikia alichosema? Loïc aliambiwa na watu wawili kwa siku moja, mwenye kujua fundo na mwenye kushona bila fundo. Wote wawili akawatoa mlangoni.

Yasmina alikaa siku sita akinijibu "ndiyo" na "apana" tu. Chakula anakula, vyombo anaosha, mimi hanioni. Siku ya saba Loïc akaja nyumbani, suruali imepigwa pasi, na karatasi mkononi. Akaweka juu ya meza yangu ya kukatia.

"Maman, hatutaki kukupeleka kwa juge, mahakamani. Saini hapa, tusahau."

Ilikuwa Kifaransa kitupu. Nikamwita Yasmina. "Nisomee. Kila neno, hata lisilonifaa."

Akasoma kama anayesoma tangazo la maji. Kwamba mimi fulani nakiri kuharibu bawa zima lililoshonwa kwa kufuata kanuni. Kwamba naomba radhi kwa kamati. Kwamba ile ndege ilikuwa ya maonyesho tu na haikupangwa kuruka...

Hapo akasimama. Akarudia mstari ule kimoyomoyo, midomo inacheza.

"Haikupangwa kuruka?" akamuuliza Loïc.

"Ni mambo ya assurance, ya bima, Yasmina. Mama asaini tu."

"Lakini mi ulinisainisha karatasi ya kuruka."

"Karatasi gani?" nikauliza.

Nikasikia cherehani ya pili, aliyokuwa akipindia vitenge Geneviève kule barazani, nayo imenyamaza. Geneviève alikuwa ametega masikio, na namshukuru.

"Décharge, mama," Yasmina akasema, hatazami juu. "Nilisaini kwamba naruka kwa hiari yangu. Kwamba nikianguka, hata nikifa, familia yangu haitauliza kitu kwa mtu yeyote."

"Ulisaini lini?"

"Siku ya kujaribu kofia. Alhamisi."

Alhamisi. Mimi nilikwenda ghalani Jumatano, akina mama. Jumatano nilimwambia bawa litafunguka, akanicheka na darasa langu la sita. Jumatano hiyohiyo Mzee Huseni alimwambia. Na Alhamisi akamtolea mwanangu karatasi ya kufa kwa hiari. Basi alinisikia! Alinisikia vizuri sana. Alikuwa na muda wa kuleta uzi, akaleta kalamu.

Niliinuka. Sijui nilitaka kumfanya nini, mkono wangu ulikuwa umeshika pasi, na pasi ilikuwa na makaa. Yasmina akaniwahi, akanishika kifundo cha mkono, akaishusha pasi mahali pake. Kisha akamgeukia Loïc, akaongea naye kwa Kifaransa, polepole, bila kupaza sauti, akiwa ameishika ile karatasi. Sikuelewa hata neno moja. Uso wa Loïc nilielewa. Alichukua karatasi yake, akaikunja mara nne, akatoka bila kuaga, nusura ajikwae kwenye vitenge.

"Umemwambia nini?" nikamuuliza mwanangu.

"Nimemwambia apande yeye."

Akakaa sakafuni karibu na miguu yangu, akalia kama alivyokuwa akilia mdogo, kwa kwikwi, na mimi sikumwambia kitu kwa sababu kila nililolifikiria lilikuwa linaanza na "si nilikwambia."

Loïc hajapanda. Nimeulizia. Lile bawa wamelibandika upya kwa verni nyingine, Mzee Huseni amekataa kurudi, na mafundo hakuna aliyeyafunga. Tarehe nyingine wameshaipanga, na rubani mwingine. Na juzi Geneviève amesikia kwa wateja wake kwamba injinia amepata msichana mwingine, wa Ngagara, ana sura nzuri ya televisheni, na mama yake amefurahi, anawaonyesha majirani kofia ya ngozi.

Mama huyo simjui jina. Nyumba yake siijui, ningekuwa nimeshagonga mlango. Kama ni wewe unayesoma, usinikasirikie, na usiniite mwenda wazimu mpaka umepitisha kiganja chako mwenyewe chini ya lile bawa. Watakuambia dakika tano. Watakuambia moteri imejaribiwa. Watakuuliza umesoma mpaka ya ngapi. Wajibu bila aibu, halafu usiondoke pale. Na leo, kabla binti yako hajaosha mikono akala, mkalishe chini akusomee alichosaini.